Tumeandaliwa Siku 7, ya 8 Je?

Wikiendi yangu ilikuwa Bagamoyo, na tangu nirudi jana usiku kila ninayepishana naye kwenye ngazi za hosteli ananiuliza swali lile lile: "Vipi mafungo, mlibarikiwa?" Naomba niwajibu wote kwa mpigo. Ndiyo, tulibarikiwa. Nimerudi sina sauti, miguu yote imeliwa na mbu, na kuna testi Alhamisi ambayo desa lake sijaligusa hata ukurasa mmoja. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili mchana, na nimeona bora niliandike kabla kamati haijakaa.

Kwa wasiojua utaratibu wetu: feloshipu kila likizo ndefu hupeleka timu ya wanafunzi vijijini kwa siku 7. Tunahubiri, tunatembelea watu nyumba kwa nyumba, tunafundisha watoto, tunaombea wagonjwa, halafu tunarudi. Kabla ya kwenda lazima upite kwenye mafungo ya maandalizi, Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana. Hukwenda mafungo, huendi misheni. Mwaka huu tulijaa Kosta 2, na masufuria ya kukodi, na gunia la mchele, na yule kaka wa gitaa ambaye hakuacha kupiga kutoka Tegeta mpaka tunaingia geti la Bagamoyo.

Ratiba ilikuwa nzito jamani. Ijumaa mkesha. Jumamosi saa 11 alfajiri watu tuko macho. Somo la kwanza lilikuwa wito. La pili, namna ya kutoa ushuhuda wako kwa dakika 3 bila kuzunguka. La tatu, maswali magumu na majibu yake. Baada ya wali maharage tukafanya mazoezi kwa kuigiza: mmoja anajifanya mlevi, mwingine mama aliye jikoni, mwingine msomi anayejua kila kitu. (Aliyeigiza mlevi aliigiza vizuri mno mpaka tukaanza kumtilia shaka, he he.) Usiku tukawekewa mikono, na nawaambia kweli, watu walilia. Hata mimi.

Jumapili baada ya ibada tukagawiwa fomu. Ndiyo fomu ya ripoti ambayo kila kundi litajaza huko vijijini. Ina safu ya nyumba zilizotembelewa, watu waliohubiriwa, waliookoka, waliorudi kundini, walioombewa. Chini kabisa pameandikwa JUMLA, kwa herufi kubwa. Niliigeuza nyuma nikidhani kuna ukurasa wa pili. Haukuwepo. Hakuna mahali pa kuandika ni nani atakayekaa na hao waliookoka baada ya sisi kuondoka.

Sina ugomvi na waliofundisha, walifundisha vizuri na walijitolea muda wao. Mtazamo wangu ni huu tu: tumeandaliwa kwa siku 7, na hakuna aliyetuandaa kwa siku ya 8. Ile asubuhi ambayo Kosta imeshaondoka, vumbi limetulia, na yule aliyenyoosha mkono jana anaamka pale pale, na majirani wale wale, na maswali ambayo hayamo kwenye orodha yetu ya maswali magumu. Na kwa maoni yangu siku hiyo ndiyo misheni yenyewe.

Mtaniuliza kwa nini nakomalia hivi. Ni kwa sababu mwaka huu timu inakwenda wilaya ya Mpwapwa. Kwetu! Si kijiji chetu hasa, ila ni vile vijiji vya jirani walikoolewa shangazi zangu. Wenzangu wengi wanaijua misheni kwa upande wa anayeshuka kwenye gari. Mimi naijua kwa upande wa anayekaa chini ya mti akilitazama gari linakuja.

Nikiwa darasa la 3 walikuja wanafunzi wa chuo, na jenereta na spika kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Wakauliza watoto, nani anataka kumpokea Yesu? Nikanyoosha mkono, maana rafiki zangu wote walinyoosha, na biskuti zilikuwa zinaonekana. Darasa la 4 wakaja wengine, wa chuo kingine. Nikanyoosha. Darasa la 6 wakaja tena wengine. Mkono juu! Hebu pigeni hesabu wenyewe. Katika ripoti 3 za jumuiya 3, mimi peke yangu ni watu 3 waliookoka. Na muda wote huo nilikuwa nimeshabatizwa, mama yangu ni wa umoja wa akina mama, na kila Jumapili nilikuwa shule ya Jumapili mstari wa mbele. Hakuna aliyeniuliza. Walikuwa na haraka, walikuwa na kijiji kingine jioni.

Aliyenilea kiimani ni katekista wetu. Mzee wa baiskeli moja, mnyororo wake umefungwa na waya. Hana mshahara wa kueleweka, waumini wanampa mahindi wakivuna, na mwaka wa njaa anakula njaa pamoja nao. Ndiye aliyetufundisha darasa la kipaimara, ndiye aliyekuja usiku babu yangu alipozidiwa, ndiye aliyeshika jembe makaburini. Spika zilipoondoka yeye alibaki anajibu maswali yaliyoachwa na spika. Sijawahi kuona ripoti yenye jina lake.

Sasa turudi kwenye maandalizi yetu. Jumamosi mwenzetu mmoja aliuliza kuhusu lugha. Alijibiwa haraka haraka: "Kwani Kiswahili si kinaeleweka kila mahali?" Watu wakacheka, tukaendelea na kipindi. Nilitamani bibi yangu angekuwepo. Bibi anajua Kiswahili cha kununulia chumvi na cha kubishana na kondakta. Mambo ya kuzaliwa, kuumwa na kufa anayazungumza kwa Kigogo. Ukifika uani kwake unasema "mbukwenyi", unakaa, mnaulizana hali za nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua. Hapo hujaanza lililokuleta. Mwenzangu wa ushuhuda wa dakika 3 atakuwa amemaliza, ameomba na ameondoka, wakati bibi bado anasubiri kusalimiwa. Na atasema kwa upole kabisa ndiyo, ndiyo mwanangu, kwa sababu mgeni hafukuzwi. Ndiyo hiyo itaandikwa kwenye safu ya waliookoka.

Msidhani natunga tatizo. Jumamosi saa 10 jioni tulipewa saa moja ya kupumzika. Wengi walikimbilia ufukweni, wachache tukaenda kwenye makaburi ya misheni ya Wakatoliki. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, na wengi wao homa iliwamaliza mapema. Unapita kati ya misalaba unasoma miaka ya kuzaliwa na ya kufa, unatoa, unakuta huyu hakuwa mzee. Sisi ni Waprotestanti na tunaweza kubishana na mapadre mambo mengi tu, ila hili hatuwezi kuwabishia: hawakuja na tarehe ya kurudi.

Na kama mnataka mfano wa watu wa vyuo, upo pia. Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alizungumza na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na moto ule ukazaa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile tunayoifahamu kama UMCA. Timu ya kwanza ilifika 1861 chini ya askofu Charles Mackenzie, wakaenda bonde la mto Shire, Malawi ya leo. Januari 1862 askofu akafa kwa homa. Mtumbwi ulikuwa umepinduka na dawa zikazama. Hamasa walikuwa nayo tele, kuliko hata ya mkesha wetu wa Ijumaa. Kilichofuata ndicho kinachonivutia. Mwaka 1864 misheni ile ilihamia Zanzibar ikaanza upya, na Edward Steere akakaa chini kujifunza Kiswahili kwa wenyeji. Mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia lugha hiyo, na kazi ya kutafsiri Biblia ikaendelea mikononi mwake kwa miaka. Yaani Kiswahili hiki tunachodhani kinatutosha, wao walianza kwa kukaa chini na kukisikiliza.

Kuna wanafunzi wengine, wa Marekani. Julai 1886 walikusanyika 251 Mount Hermon, jimbo la Massachusetts, wakasoma Biblia na kuomba kwa karibu mwezi mzima. Mwisho wa mkutano 100 kati yao walikuwa wameahidi kwenda umisionari. Mmoja alikuwa kijana wa Chuo Kikuu cha Cornell aitwaye John Mott, ambaye miaka 60 baadaye, 1946, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Sisemi na sisi tukae Bagamoyo mwezi mzima, bumu lenyewe mnalijua. Nasema walichukua mwezi kuahidi maisha yao, na sisi tunachukua wikiendi kuahidi sehemu ya likizo. Basi angalau tuwe wanyenyekevu tukifika.

Halafu kuna Krapf. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na binti yao mchanga. Alikaa pwani na bara yake mpaka 1853. Waliobatizwa katika miaka ile yote walihesabika kwa vidole. Mpe ile fomu yetu aijaze, mwaka baada ya mwaka: waliookoka, sifuri. Jumla, sifuri. Kamati ingemnyima nauli ya mwaka wa pili! Lakini kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na waliokuja nyuma yake walipita juu ya kazi yake. Fomu yetu haina safu ya kazi kama hiyo.

Nilimwambia haya mwenzangu mmoja kwenye Kosta wakati wa kurudi. Akanijibu vizuri tu, naomba nimtendee haki. Akasema sisi ni wapandaji, mwingine atamwagilia, kama Paulo na Apolo kule Korintho. Kila mtu na sehemu yake, na siku 7 za mwanafunzi mwenye mitihani si kidogo. Ni hoja nzito na nimeilalia. Lakini tuisome yote basi. Kwa Matendo ya Mitume, Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, anashona mahema mchana, na alipoondoka aliendelea kuwaandikia barua. Na yule wa kumwagilia alimjua kwa jina. Sisi wa kwetu anaitwa nani? Tumeshawahi kumpigia simu? Tunajua baiskeli yake ni nzima? Kusema "mwingine atamwagilia" bila kumjua huyo mwingine ni sawa na kumwachia mtu mtoto mlangoni na kusema Mungu atamlea.

Na Afrika yetu imejaa hao wengine, sema hatuwatajiwi semina. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani na kulelewa Zanzibar na hao hao UMCA, alipewa upadre 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, na kazi yake aliifanya Chitangali, kusini mwa nchi hii, kwa watu ambao lugha yao aliielewa. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kwenda Boga, Kongo, 1896. Alifungwa gerezani kwa tuhuma za uongo, akatoka, akarudi pale pale, akawafuata Wambuti msituni na kujifunza lugha yao. Alizikwa Boga 1933. Mafungo mazima hatukusikia jina la hata mmoja wao. Wito tulifundishwa kwa mifano ya watu waliopanda meli tu.

Kuna jambo jingine, na hili najua litawaudhi baadhi yenu. Lile somo la maswali magumu. Sehemu kubwa ilikuwa jinsi ya kuwajibu Waislamu, na kuna mahali ukumbi mzima ulicheka. Rumeti wangu ni Mwislamu, mtu wa Kondoa. Jana aliniuliza, "Mmefundishwa nini huko?" Nikamweleza karibu yote, na cheko lile nikamweleza pia. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Na mkifika kwa mama yangu mtaanzia hapo?"

Katiba ya nchi yetu, Ibara ya 19, inatupa uhuru wa kutangaza imani yetu, na yeye uhuru huo huo. Sitaki tuufiche Ukristo wetu hata kidogo, la sivyo nisingekwenda. Ila kule kwetu ukoo mmoja una Wakristo na Waislamu. Msibani sufuria ni moja, harusini wanachangiana, shamba likivamiwa na ng'ombe wanaitana. Mwanafunzi akishinda mjadala mbele ya soko akapigiwa makofi, jioni anapanda Kosta. Shangazi yangu ndiye atakayekutana kesho yake kisimani na mama wa yule aliyeshindwa. Ushindi wako wa siku ya 7 ni deni lake la siku ya 8.

Basi napendekeza nini? Maana kulalamika bila pendekezo ni kazi ya watu wa kibarazani.

Kwanza, vijiji. Mpango wa sasa ni vijiji 3 kwa siku 7. Naomba kiwe 1, na mwakani turudi hapo hapo. Mwaka unaofuata, hapo hapo tena. Watu watujue kwa majina, nasi tuwajue, na mtoto asihesabiwe mara 3.

Pili, katekista wa hicho kijiji aje mafungoni mwakani, tumlipie nauli, tumpe kipindi kizima cha asubuhi tukiwa bado hatujachoka. Atuambie watu wake wanaogopa nini, nani kafiwa, ugomvi gani unaendelea, mahali gani tusikanyage. Tukifika kijijini yeye ndiye kiongozi wa timu, si mratibu wetu. Tumwulize atutume wapi. Akisema asubuhi hii tukampalilie mjane shamba, tushike majembe.

Tatu, nusu siku ya salamu na lugha. Hapa chuoni Wagogo tupo, tutafundisha bure, mtulipe soda. Hatutawafanya wajuzi kwa nusu siku, lakini bibi atajua kwamba mlijaribu. Na nyumba kwa nyumba kila kundi liwe na mkalimani.

Nne, pesa. Spika na jenereta ndivyo vinavyokula fungu kubwa la bajeti yetu. Kijiji kimoja kinasikia bila spika. Fungu hilo linaweza kununua baiskeli ya katekista na Biblia za Kigogo za kuachia watu. Na libaki la neti na dawa, na kila mtu aje na kadi yake ya bima. Mtumbwi wa Mackenzie ututoshe kama funzo.

Tano, ile fomu. Futeni JUMLA. Pale chini wekeni mistari miwili: jina la anayebaki, na tarehe tutakayompigia simu.

Nimesikia tayari kuna wanaosema nikija na haya nitaipunguza moto timu. Kwamba wafadhili wetu, wale kaka na dada waliomaliza na sasa wana kazi, wanapenda kusikia namba, na bila namba hawatachanga. Labda. Lakini wengi wao ni watoto wa vijijini kama mimi, na nina hakika wamo walionyoosha mkono zaidi ya mara moja. Tuwaeleze ukweli, wataelewa. Na kama kuna atakayeacha kuchanga kwa sababu tumenunua baiskeli badala ya kukodi spika, basi tutakula ugali dagaa siku zote 7, hatutakufa.

Mimi nakwenda kwa vyovyote. Jina langu limeshaandikwa kwenye orodha ya wakalimani, na bibi ameshapigiwa simu, anasema atachinja kuku kama tutakaa mpaka jioni. Nimemwambia sijui kama ratiba itaruhusu. Akacheka akaniuliza, "Ratiba ni nani?"

Kamati ya misheni inakaa Alhamisi saa 12 jioni, baada ya testi, chumba kile kile cha maombi. Kikao ni cha wazi kwa wanachama wote. Anayekubaliana nami aje anisaidie, maana nikiwa peke yangu nitazidiwa kura. Asiyekubaliana aje pia, tena na hoja zake, tukosane kwa upendo. Ila tafadhali msije mkaniambia mwingine atamwagilia bila kunitajia jina lake.

Ni hayo tu kwa leo. Naenda kupiga msuli kidogo kabla umeme haujakatika. Mbarikiwe.